Majibu Niliyomfutia Bik-ha

Chicago,
Siku ya tano baada ya sikukuu ya kufagia makaburi.

Kwa Dada Mkubwa mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako wa tatu. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, goti lako la kulia limetulia, na bata wako wanaendelea kutaga kuliko wa jirani. Mimi huku nakula, natembea, na sauti yangu ya kufokea watu bado ipo. Theluji imeyeyuka juzi tu, na barabara zote zimebaki na tope na glavu zilizopotea, tena kila mara ni moja, sijawahi kuona pea. Nimejiuliza sana juu ya jambo hilo na sijapata jibu.

Mwanao alinitumia picha za makaburini. Nguruwe wa kuchoma mliyewapelekea wazee wetu alikuwa mzuri, ngozi yake niliiona inang'aa hata kwenye simu. Nilisikitika kwamba mwaka mwingine umepita bila mimi kumng'olea mama majani kwa mikono yangu.

Utashangaa kwa nini ninaandika, wakati kila Jumapili tunaonana kwenye simu. Sababu ya kwanza ni kwamba nyuma yako pale huwa wamejaa wajukuu, mkwe, na yule Bibi Szeto wa nyumba ya tatu anayejifanya amekuja kuazima chumvi. Sababu ya pili ni mimi mwenyewe. Nikiuona uso wangu kwenye kile kioo kidogo cha simu, nacheka tu, na nikishaanza kucheka kila kitu kinakuwa kizuri. Basi vaa miwani, kaa karibu na dirisha, na usome peke yako. Usimpe mwanao akusomee.

Unanijua tangu utoto kwamba sina simile mbele ya jambo nisilolielewa. Mama alikuwa akisema nitakufa na pua yangu imekwama kwenye mlango wa mtu. Sasa pua hiyo imenipeleka mahali ambapo sikutaka kufika, na nataka nikusimulie tangu mwanzo, kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la tatu.

Nilikwisha kukueleza habari za jengo la wazee lililo nyuma ya soko, lile la ghorofa tisa ambako huwa nashinda nikisaidia. Wengi wao ni watu wa kwetu, wa Taishan na Kaiping. Walioosha vyombo mikahawani miaka thelathini, walioshona nguo viwandani, au walioletwa na watoto wao kulea wajukuu kama mimi. Wananiita Mwalimu. Ghorofa ya sita wako ishirini na wawili, na mimi ndiye kiranja wao. Hakuna aliyenichagua. Niliona hakuna kiranja, nikawa.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, Mzee Yee wa ghorofa hiyo alifariki chumbani mwake na hatukujua hadi siku ya nne. Jambo hilo liliniuma nikakosa raha. Nikafikiri, nikatoa amri: kila mtu, jioni akimaliza kula, atundike mfuko mwekundu wa plastiki kwenye kitasa cha mlango, upande wa nje. Asubuhi akiamka auingize ndani. Saa tatu mimi napita na daftari langu. Mlango ambao mfuko bado unaning'inia, nagonga. Walinung'unika, lakini walifuata. Mzee Gong, ambaye ni mjane na msahaulifu, namgongea karibu kila baada ya siku mbili. Anafungua mswaki ukiwa mdomoni na kuniambia, "Bado sijafa, Mwalimu. Jaribu kesho." Meneja wa jengo alilisifu wazo langu mbele ya wageni, nami nilijiona mtu.

Katika hao ishirini na wawili yumo Ng Bik-ha. Ana miaka sabini na tisa, kafupi, kembamba, na akicheka anafunika mdomo kwa kiganja. Miaka ishirini na sita alishona suruali katika kiwanda cha hapa. Shuleni hakukanyaga hata siku moja. Anajua kuandika jina lake, anajua tarakimu, na anajua kutengeneza chapati za majani ya kitunguu ambazo ukila moja unasahau adabu. Mumewe alifariki miaka miwili iliyopita. Binti yake yuko Texas, ni binti mzuri, anapiga simu. Kila alasiri mimi na Bik-ha tulikunywa chai pale chini ukumbini. Mimi nasema, yeye anasikiliza. Niliamini ndiyo maana tunapatana.

Sasa, wiki moja baada ya sikukuu yetu ya Mwaka Mpya alikuja mwanamke mmoja wa zahanati ya Mtaa wa Wachina, jina lake Lok-yi. Ana kama miaka thelathini na sita, mama yake ni wa Kaiping, na anavaa viatu vya mwanamume. Alisema anataka kujua mioyo ya wazee inaendeleaje. Alikuja na karatasi zenye maswali tisa na penseli zilizochongwa vizuri, jambo lililonifurahisha. Kila swali lina visanduku vinne, vinavyohesabiwa sifuri hadi tatu. Cha kushoto kabisa maana yake jambo hilo halikusumbui hata kidogo. Unavyokwenda kulia ndivyo linavyokusumbua zaidi, hadi cha mwisho, karibu kila siku. Maswali yenyewe ni ya usingizi, chakula, uchovu, hamu ya kufanya mambo, kujiona huna thamani. Alipotamka neno sonona, watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mzee Gong akauliza kama kutakuwa na chakula. Lok-yi akasema kuna machungwa.

Wewe unajua mambo yetu yalivyo. Mtu wa kwetu atakwambia tumbo limevimba, kifua kinabana, kichwa kizito, usingizi umekimbia. Hatakwambia moyo. Bibi Chan wa chumba cha kona aliuliza kama karatasi hizo wataziona watoto wao. Lok-yi akajibu kwamba hataziona mtu yeyote ila yeye. Kisha akasema kwamba yule ambaye karatasi yake itaonyesha mzigo, yeye mwenyewe atakwenda kumtembelea chumbani, wakae, waongee.

Dada, alidhani anatuliza watu. Niliona mabega ya ukumbi mzima yakipanda. Mtu wa ofisi, na begi lake, kugonga mlango wako mchana kweupe! Kabla hajakaa kitini, ghorofa yote imejua, na kabla ya chakula cha jioni Mtaa wa Wachina umejua, na kesho yake binti yako Texas anapigiwa simu na shangazi wa mtu kuulizwa amemfanya nini mama yake. Basi Lok-yi alipotoka kwenda kuchukua machungwa garini, mimi nilisimama. Niliwaambia kisanduku cha kushoto ndicho cha jibu sahihi. Niliwaambia kulia ni kwa watu wenye matatizo. Nikawauliza, sisi tuna matatizo? Wakaitikia kwa pamoja kwamba hatuna, Mwalimu. Miaka kumi na mitano nilikuwa sijasikia sauti ya darasa zima ikinijibu. Nilifurahi mno, nikawasomea maswali moja moja kwa sauti, wakajaza.

Nilizikusanya karatasi mwenyewe, na unajua mkono wa mwalimu, haukusanyi bila kusahihisha. Zote kushoto, kushoto, kushoto. Nikafika ya Bik-ha. Alama zake zilikuwa kulia. Si zote, lakini nyingi. Nikajiambia, maskini, hajawahi kushika karatasi ya mtihani, amechanganya pande. Nilikuwa na raba mfukoni. Nikamgeuzia mgongo, nikafuta, nikaziweka alama zake kushoto pamoja na za wenzake. Lok-yi aliporudi nilimkabidhi karatasi ishirini na mbili zimepangwa kingo kwa kingo, zote sifuri, yangu ikiwemo, maana na mimi nilijaza ili kuonyesha mfano. Kisha tukala machungwa.

Wiki tatu baadaye Lok-yi alirudi. Safari hii hakuita mkutano. Alinikuta chini ukumbini nikisubiri chai ichemke, akakaa, akaniambia kwa upole kwamba amekuja kunisumbua ili nimfundishe jambo. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na mmoja. Hajapata kuona watu ishirini na wawili wenye umri wa miaka karibu themanini, katikati ya baridi ya Chicago, ambao hakuna hata mmoja aliyelala vibaya hata siku moja. Alisema yeye mwenyewe akijaza anapata sita. Hakuwa na hasira. Alikuwa na udadisi wa kweli, ule ninaoujua mwenyewe, na nusura nimpende. Nilimjibu kwamba watu wa kwetu ni wagumu. Akauliza mbona mlinzi wa mlangoni anasema saa kumi za alfajiri nusu ya madirisha huwa yana taa. Nikamwambia wazee wanakojoa. Akaliandika hilo kwenye daftari lake, akanishukuru, tukaongea karibu saa nzima juu ya shule za kwetu, akaenda zake.

Tangu siku hiyo Bik-ha hakushuka tena kunywa chai.

Nilipogonga kuuliza, alijibu nyuma ya mlango kwamba mguu unamuuma na nje kuna baridi. Nikamwachia supu sakafuni. Asubuhi nilipopita na daftari, mlango wake ulikuwa safi, hauna mfuko. Nikatia alama: ameamka, mzima. Kesho yake vilevile. Siku tisa nilimtilia alama na kuendelea na shughuli zangu.

Lakini kuna kitu kilinikuna. Bik-ha si mtu wa kuugulia mguu. Alishona hadi siku aliyozaa. Siku ya kumi nilichelewa kuondoka pale jengoni, nikapita kwenye korido ya ghorofa ya sita saa ile ya kutundika mifuko. Nilihesabu mifuko ishirini na mmoja pamoja na ule wa mlango wangu wa kazi. Mlango wa Bik-ha ulikuwa mtupu. Nikasema labda bado anakula. Kesho yake nikachelewa tena, kwa makusudi, nikasubiri kwenye ngazi mpaka wote wametundika. Mtupu. Siku ya tatu, mtupu. Hapo ndipo akili ilinijia. Asiyetundika mfuko jioni, asubuhi hana mfuko wa kuingiza. Mimi siku zote nilitafuta mfuko uliobaki. Mlango wa mtu aliyeamka na mlango wa mtu asiyetundika kabisa inafanana. Bik-ha angeweza kuwa amekufa siku zote hizo, na kila asubuhi ningemtilia alama ya uzima kwa mwandiko mzuri.

Niligonga mpaka akafungua. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Supu zangu zilikuwa zimepangwa kwenye jokofu, hazijaguswa. Lakini yeye alikuwa amechana nywele, amevaa lile koti lake la hariri la buluu la kwendea harusini, na mezani palikuwa na vikombe viwili vyenye vifuniko. Nikamuuliza kama ana mgeni. Akasema alikuwa akimsubiri mmoja, sasa hamsubiri tena; koti amelivaa tu kwa mazoea. Nikamuuliza mgeni gani. Nilijua kabla hajajibu, dada, lakini niliuliza.

Alikuwa akimsubiri Lok-yi. Alisema siku ile ya karatasi alinisikiliza vizuri niliposimama kuwaelekeza. Kushoto na kulia anavijua. Mtu aliyeshona miguu ya suruali miaka ishirini na sita hafundishwi kushoto na kulia. Alifikiri, akachagua kulia. Alitaka atembelewe. Hakujali jirani wataona nini. Basi tangu kesho yake kila asubuhi alivaa koti, akachemsha maji, akaweka vikombe viwili, akakaa. Siku ishirini na mbili. Ya ishirini na tatu alimwona Lok-yi kupitia dirishani akivuka barabara. Akamimina chai. Akaisikia lifti ikipanda, haikusimama ghorofa ya sita, ikashuka. Alisubiri saa nzima, kisha akamwona Lok-yi akitoka, na mimi nikimpungia mkono mlangoni.

Sauti yake haikupanda wala kushuka. Alisema, "Nikajua, basi. Maisha yangu yote nimesema mara moja tu. Wamesoma, wakaona si kitu. Sasa nitundike mfuko ili iweje?"

Ningependa kukwambia kwamba nilikiri pale pale. Sikukiri. Nilisema labda karatasi yake ilipotea. Akaniangalia, akaniuliza mbona za wenzake hazikupotea. Nikatazama vikombe. Nikamwambia kwamba niliifuta mimi.

Akauliza, "Ulinipa ngapi?"

Nikasema sifuri.

"Na hiyo sifuri ni nzuri?"

Nikasema ndiyo, ndiyo nzuri kuliko zote.

Alicheka akafunika mdomo, halafu nikaona si kicheko tena. "Miaka sabini na tisa sijafanya mtihani," akasema. "Nimefanya mmoja, na mwalimu ameniibia." Akaniomba nitoke.

Sikumwacha peke yake. Nilimwita Bibi Chan, nikamwambia ukweli bila kupamba, na yule mwanamke ambaye huwa namdharau kwa umbea alichukua kazi yake ya kufuma akaenda kukaa naye bila kuuliza swali. Zahanati ilipofungua asubuhi mimi nilikuwa mlangoni. Nilimweleza Lok-yi yote nikiwa nimesimama, mikono mgongoni, kama walivyosimama mbele yangu watoto waliovunja kioo. Sikuwa nimefika mwisho alipochukua koti lake. Alikaa na Bik-ha kuanzia saa tatu hadi saa nane mchana. Nilisikia maji yakichemshwa mara mbili.

Saa nane akafungua mlango akaniita. Bik-ha amekubali kwenda kwa daktari, akasema, na amekubali kujaza karatasi upya, ila ana masharti. Safari hii ni kalamu ya wino. Na mimi nijaze yangu kwanza, mbele yake, nikiisoma kwa sauti, kwa kuwa yeye hajui kusoma. "Leo mimi ndiye mwalimu," Bik-ha akasema. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mumewe.

Basi nikasoma. La kwanza, kama nina hamu ya mambo. Nikapeleka kalamu kushoto. Bik-ha alinitazama, na mkono wangu ukasimama hewani. Nilikumbuka kwamba tangu kiangazi sijapika chakula cha kupika, nakula wali na mayai, wali na mayai. Nikahama kisanduku kimoja. Tukafika la usingizi. Nikasema siku kadhaa, nikataka kuandika. Bik-ha akagonga meza kwa kidole.

"Ukuta wetu ni mwembamba, Mwalimu," akasema. "Redio yako inaanza saa kumi za alfajiri. Kila siku. Andika kila siku."

Hapo, dada, umeliona neno hilo. Ukuta wetu. Nimeshaliandika na sitalikata. Kule juu nimekuandikia kwamba nilichelewa kuondoka jengoni, na kwamba nina mlango wa kazi. Sikuchelewa. Sikuwa na pa kwenda. Ninaishi pale. Ni mwaka wa pili na nusu sasa naishi pale, chumba kinachopakana na cha Bik-ha, na mfuko wa ishirini na mmoja ulikuwa wangu.

Mwanangu Kit-sang hakunifukuza; nakuapia kwa makaburi ya wazazi wetu. Watoto walikuwa wakubwa, hawahitaji bibi wa kuwavusha barabara. Kazi yake ilihamia mji wa pembeni, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, nyumba nzuri yenye nyasi, na kutoka Jumatatu hadi Ijumaa hakuna hata mtu mmoja pale wa kuongea naye lugha yangu isipokuwa mimi mwenyewe. Alinisihi tuhame wote. Alilia. Mimi ndiye niliyekataa, nikasema nipeni chumba karibu na soko. Lakini nilijua kijijini watasemaje: mwana wa Mwalimu Tam amemtupa mama yake kwa wazee. Kwa hiyo sikumwambia mtu. Jumapili anakuja kunichukua, nakaa kwenye kochi lake, nakupigia simu nikiwa na picha za ukutani kwake nyuma yangu. Nilimfundisha hata mjukuu apite nyuma akinisalimia. Ndiyo maana hupati kuniona Jumatano.

Nilijaza yote kwa wino. Lok-yi akajumlisha. Nilipata kumi na sita. Kisha nikamsomea Bik-ha maswali yake, akajibu, nikatia alama pale pale alipotaka, na kila nilipomaliza alikaza macho kuhakikisha upande. Yeye alipata kumi na tano. Lok-yi alipotuambia, Bik-ha aliniangalia kwa mshangao, akaniuliza kama kweli nimempita. Nikasema nimempita. Akanisogezea kikombe cha pili.

Nimebakiza moja, na ndilo lililonifanya ninunue karatasi hizi. Nimekwambia kwamba siku ile ukumbini nilidhani Bik-ha amechanganya pande. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Lok-yi pia, na hivyo ndivyo nilivyojiambia. Si kweli. Swali la tisa linauliza kama umewahi kufikiri kwamba afadhali usingekuwapo duniani. Hakuna mtu anayechanganya pande kwenye swali hilo. Niliona alama yake, nikaelewa vizuri, na ndiyo niliyoifuta ya kwanza kabla ya nyingine zote. Dakika kumi kabla, na mimi nilikuwa nimelisoma swali hilohilo, nikalipigia alama kushoto, na nilikuwa nimesema uongo. Kama yake ingebaki pale ilipo, yangu ingeniangalia kila siku kwenye chai. Nilimfutia ili nisijione. Nilimwacha rafiki yangu akae na koti la harusi siku ishirini na tatu kwa ajili hiyo.

Nimemwambia Bik-ha hili pia, wiki iliyopita. Alisikiliza kama anavyosikiliza siku zote, kisha akasema anahitaji muda wa kunikasirikia, nisimharakishe. Ana haki. Ananifungulia mlango, chapati hanipi bado.

Usilie, na usimpigie Kit-sang kumgombeza. Tunapata msaada. Kila Jumanne Lok-yi anakuja na viatu vyake vya kiume, tunakaa watatu. Daktari ametupa vidonge. Vyangu vinanikausha mdomo lakini wiki hii nimelala hadi saa kumi na moja mara tatu, na jana nilipika samaki. Karatasi za ghorofa ya sita zimerudiwa, kila mtu chumbani mwake, bila mwalimu. Wanane wamekataa kabisa. Mzee Gong amejaza, akatoka amefumba mdomo, na tangu hapo hafanyi mzaha mlangoni. Nimeanza kubaki kidogo nikimgongea. Mifuko sasa tunaikagua jioni pia, na anayekagua saa hiyo si mimi, ni Bik-ha.

Katika maswali ya Lok-yi kuna moja ambalo halimo kwenye karatasi. Aliniuliza moyo ukinizidi namwambia nani. Nikajibu haraka, nikajivuna hata, kwamba nina dada Taishan, tunaongea kila Jumapili kwa miaka kumi na mitano. Akaniuliza, je, dada yako anajua nini? Nilirudi chumbani nikatafuta kalamu.

Na kwa kuwa mimi ni mimi, nimeanza kujiuliza juu yako. Kila Jumapili nakuuliza habari, unasema nzuri. Bata, goti, wajukuu, nzuri. Shemeji alipofariki ulisema nzuri siku ya arobaini. Sasa nataka kujua, na nitasubiri jibu hata likichukua mwezi baharini: unalala? Ukiwa peke yako mchana, watu wakiwa shambani, unafikiri nini?

Nisalimie mwanao, mkwe, na watoto wote mmoja mmoja kwa jina. Bibi Szeto mpe salamu na pakiti ya chumvi. Mama na baba, ukipita njia ya kilimani, waambie sitachelewa kuwasalimia kwa maneno ya kweli hata kama ni kutoka mbali.

Ukijibu, usiandike ile anwani ya kwa Kit-sang uliyonayo. Andika hii hapa chini. Ndiyo ya kwangu.

Mdogo wako wa tatu,

Tam Yuet-sim
Ghorofa ya sita, chumba namba 612,
Jengo la wazee, nyuma ya soko,
Chicago